Sura ya Saba: Kilio Kilichopigiwa Makofi

Msichana alipokufa, ukumbi mzima ulipiga makofi.

Inspekta Mwangangi alikuwa ameketi safu ya mwisho, mgongo ukutani, katika ukumbi wa kijamii wa Komarock. Ilikuwa Jumamosi mchana na watu walikuwa wamejaa hadi watoto wakakaa sakafuni mbele ya pazia. Filamu aliitazama nusu nusu. Nusu nyingine aliwatazama waliokuwa wakiitazama.

Kwenye pazia, msichana mwenye gauni la manjano alikuwa amefungiwa katika chumba cha nyuma cha kibanda cha mbao, katikati ya msitu. Mshumaa uliwaka juu ya meza. Moshi ulitambaa. Msichana aligonga mlango kwa viganja, kisha kwa ngumi, kisha akaukwaruza kwa kucha kama paka. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kusema jambo ambalo hakuna aliyelisikia, kwa sababu ngoma za filamu zilikuwa zikinguruma. Magoti yakamlegea. Akateleza polepole hadi chini, akaanguka kifudifudi, shavu likiwa sakafuni. Kamera ikamng'ang'ania hapo.

Makofi. Mbinja. "Huyo dem alikuwa moto!" kijana mmoja akasema.

"Alikuwa," mwenzake akajibu, na wote wawili wakacheka.

Koplo Nafula, aliyeketi kando ya Mwangangi, hakupiga makofi. Alisubiri kelele zipungue.

"Umeona kucha, Afande?"

"Nimeziona."

"Akianza kugonga ni nzima, zimepakwa rangi nyekundu. Akianguka, mbili zimevunjika."

Filamu iliitwa *Hakuna Anayetoka*. Marafiki kadhaa wa Nairobi wanakwenda kustarehe kwenye kibanda cha msituni, mto unafurika na kubeba daraja, na kitu kisichoonekana kinaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Ilikuwa kazi ya vijana wa Eastlands wenyewe, waliojifunza kila kitu kwa simu zao, na mitaa yote ilijivunia. Mwishoni yalitokea maandishi meupe juu ya giza: *Kwa kumbukumbu ya Whitney Ondiek*. Kila aliyekuwa ukumbini alijua maana yake. Msichana wa gauni la manjano alikuwa amekufa kweli, kwenye kibanda hicho hicho, siku ya mwisho ya kupiga filamu. Jambo hilo lilikuwa limewaletea watazamaji wengi kuliko mabango yote waliyobandika kwenye nguzo za stima.

Jalada lilisema hivi. Whitney alimaliza kuigiza mchana, akala na wenzake, akalalamika baridi, akaingiza jiko la makaa kwenye chumba cha nyuma na kulala. Asubuhi wenzake walimkuta kitandani, amelala chali, amekufa. Daktari alithibitisha ni gesi ya makaa. Polisi wa upande ule wa msitu waliandika "ajali", wakafunga jalada. Hakuna aliyeshangaa. Kila msimu wa baridi kuna watu wanaokutwa hivyo, wamelala na jiko ndani, madirisha yamefungwa.

Jalada lingebaki limefungwa kama mama yake asingekuja kituoni.

Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, akikaa Makongeni katika nyumba za zamani za reli, na majirani walimwita Mama Phares kwa jina la kifungua mimba wake. Vijana wa filamu walikuwa wamempa kiti cha mbele siku ya maonyesho ya kwanza, wakamvika shada la maua. Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya meza ya Mwangangi, amejifunga kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba mapajani.

"Pale mwisho hakuwa anaigiza," alisema.

"Mama, ile ni filamu."

"Nimemlea, Inspekta. Akilia uongo namjua. Akilia kweli namjua."

Kisha akataja jina moja: Kimani. Kimani alikuwa mpenzi wa Whitney, wakaachana miezi michache kabla ya safari ya msituni, na Kimani alikuwa amesikika akimwambia mbele ya watu kwamba atajuta. Kimani pia aliigiza kwenye filamu. Mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu. Mwangangi alikuwa na uzi huo mmoja, na aliamua kuuvuta.

*

Chumba cha kunyolea cha Kimani kilikuwa Donholm, ghorofa ya chini ya jengo lililopakwa rangi ya machungwa. Kioo cha dirisha kilikuwa kimepasuka na kuzibwa kwa karatasi ya gundi. Kwenye mlango wa bati mtu alikuwa ameandika kwa chaki neno MUUAJI, na mtu mwingine alikuwa amejaribu kulifuta, likabaki linasomeka.

Kimani alikuwa akimnyoa mzee mmoja. Hakuinua macho.

"Niaje, Afande. Nilikuwa nashangaa mbona mmechelewa."

"Malizana na mzee kwanza."

Mzee alitazama vitambulisho vyao, akasema nywele zinatosha, akatoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa. Kimani akazima mashine.

"Ulimwambia Whitney atajuta," Mwangangi alisema.

"Nilimwambia. Taja mtu aliyeachwa asiyesema hivyo."

"Siku ya mwisho, kule msituni, ulikuwa wapi?"

"Taarifa niliandikisha. Nilikuwa huko na wenzangu."

"Sikuuliza taarifa inasema nini."

Kimani akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwa nyingi. Mwangangi alivuta kiti cha wateja, akaketi, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka.

"Nimeiona filamu yenu," alisema. "Mwanzoni uko mezani, unacheka nao. Halafu haupo. Hakuna kitu kilichokukamata, hakuna aliyekukuta umekufa, na hakuna hata mmoja anayeuliza umeenda wapi. Watu ukumbini wanasema huo ni ufundi wa mwongozaji. Eti anawaacha wajiulize."

Kimani aliangua kicheko kikavu.

"Ufundi! Afande, nilikuwa nimeenda nyumbani."

Nafula akafunga mlango wa bati.

Yakatoka yote. Muturi, mwongozaji, alitaka onyesho la mwisho la Whitney lionekane la usiku, lakini jenereta yao ilikuwa ikikohoa na taa hazikutosha, kwa hiyo akaamua kulipiga mchana. Alipigilia mablanketi kwenye dirisha la chumba cha nyuma kwa misumari na kuziba kila ufa. Kisha akaingiza jiko la makaa, akatia majani mabichi juu ili litoe moshi wa kupendeza kwenye kamera. Kamera mbili zilisimamishwa kwenye pembe zenyewe, bila mtu, ili Whitney awe peke yake kabisa.

"Nikamwambia Muturi, chumba hicho mtu haingii. Mimi nimekulia Limuru, makaa nayajua. Akaniambia nina wivu wa dem aliyeniacha. Akasema mbele ya kila mtu. Nikabeba begi nikaenda."

"Ukaenda wapi?"

"Kwa shangazi yangu Limuru. Alikuwa anavuna viazi, nikamsaidia hadi jioni. Muulize, na majirani waulize. Nambari hii hapa."

Nafula akatoka nje na simu. Mwangangi akaendelea.

"Mbona uliandikisha kwamba ulikuwepo?"

Kimani aliketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa kijana mwenye umbo kubwa, na benchi lililia.

"Muturi alinipigia asubuhi akilia. Akasema Whitney amelala na jiko. Akasema nikisema niliondoka kwa hasira, jina la kwanza watu watakalotaja ni langu. Tuseme wote kitu kimoja, akasema. Nikasema kitu kimoja." Aliitazama chaki mlangoni. "Na jina la kwanza likawa langu."

"Uliamini alilala na jiko?"

"Nilitaka kuamini. Kwa sababu kama haikuwa usiku, basi nilimwacha ndani ya chumba ambacho nilijua ni kibaya, nikaenda kuvuna viazi."

Nafula alirudi na kutikisa kichwa kwa maana ya ndiyo. Shangazi alikumbuka, na jirani aliyebeba magunia alikumbuka pia. Uzi ulikuwa umekatika mkononi.

"Nani alibaki?" Mwangangi akauliza akiwa amesimama.

"Wenzangu waigizaji walikuwa wameshamaliza, wakateremka kijijini kutafuta chakula na pa kulala. Walibaki Muturi, Hashi wa sauti, na Phares."

"Phares nani?"

Kimani alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mtaa wake mwenyewe.

"Phares kaka ya Whitney. Ndiye alikuwa anabeba vifaa."

*

Jumatatu asubuhi Mwangangi alimpigia daktari aliyeupasua mwili. Alikuwa na sauti ya mtu anayekula huku akizungumza.

"Damu ikiacha kuzunguka, inatuama upande wa chini," daktari alieleza. "Mtu aliyelala chali, inatuama mgongoni. Na aliyekufa kwa gesi ya makaa, alama zake huwa na rangi nyekundu ya kung'aa. Huwezi kuzikosa."

"Kwa Whitney Ondiek zilikuwa wapi?"

Karatasi zikafunuliwa.

"Mbele. Kifuani, tumboni, mapaja upande wa mbele, na shavu la kushoto. Nimeandika hapa."

"Wenzake wanasema walimkuta kitandani, chali."

"Basi kuna mtu aliyemgeuza baada ya saa nyingi. Na vibanzi vya mbao chini ya kucha vilitoka wapi, huko kitandani?"

Mwangangi alishukuru, akakata simu. Nafula alikuwa ameweka filamu kwenye kompyuta ya ofisi na kuisimamisha pale Whitney anapoanguka. Shavu la kushoto lilikuwa sakafuni.

"Sasa tazama mshumaa," Nafula alisema. Alirudisha nyuma. Mshumaa ulikuwa mrefu wakati Whitney anapoanza kugonga. Alipoanguka ulikuwa umepungua kidogo. Kisha picha iliyofuata, ambayo ukumbini ilidumu kwa pumzi moja tu, ilimwonyesha vile vile, hajatikisika hata kidole, na mshumaa ulikuwa kisiki.

"Walimwacha hapo," Nafula alisema polepole. "Walimwacha hapo, na kamera inaendelea."

"Mwite Muturi."

Muturi alifika mchana huo, viatu vyeupe, begi la kompyuta begani. Alimpa Mwangangi mkono kwa heshima na kumpa pole kwa kazi nyingi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi na alizungumza kama mtu aliyekwisha kuhojiwa redioni mara kadhaa.

"Whitney alikuwa dada yetu, Afande. Filamu hii ni heshima kwake."

"Alipomaliza onyesho lake alikuwaje?"

"Alikuwa sawa. Alitoka akicheka. Tukala nyama."

"Daktari anasema tumbo lake lilikuwa tupu."

Muturi alipepesa macho. "Labda hakula sana."

"Alilala na gauni la kuigizia? Kwenye baridi ile?"

"Alikuwa amechoka."

"Mlimkuta amelalaje?"

"Chali. Kama mtu amelala."

"Nani aligundua?"

"Sote. Pamoja."

"Sote ni akina nani?"

Muturi alitabasamu. "Afande, hii ni sanaa. Watu wakiona uchungu kwenye pazia wanafikiri ni kweli. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kama nimeifanya vizuri hadi polisi wakaamini, nitachukua kama sifa."

Nafula alisukuma kiti chake nyuma kwa kelele. Mwangangi alimzuia kwa jicho tu.

"Sauti ya onyesho lile iko wapi?" akauliza. "Ninasikia ngoma. Sisikii msichana."

Muturi alivuta begi la kompyuta karibu naye.

"Sauti iliharibika. Unyevu wa msitu."

"Pole," Mwangangi alisema. "Usisafiri."

*

Hashi alikaa Pumwani, Majengo, kwenye chumba cha uani nyuma ya duka la mama yake la vitambaa. Kijana mwembamba, ndevu changa, hedifoni shingoni. Kazi yake ilikuwa kurekodi harusi na mawaidha. Aliwakaribisha ndani kabla hawajajitambulisha, akaondoa nyaya kwenye kitanda ili wapate pa kukaa.

"Muturi anasema sauti iliharibika," Mwangangi alisema.

"Mimi sauti zangu haziharibiki." Alisema bila majivuno, kama anayetaja kabila lake. "Aliniambia niifute. Nikamwambia nimefuta."

"Kwa nini hukufuta?"

Hashi aligusa hedifoni shingoni. "Muturi aliona picha. Mimi nilikuwa na hizi masikioni. Kinasa sauti kilikuwa chini ya meza, karibu naye kuliko mtu yeyote. Unajua kusikia mtu anavyopumua hadi mwisho? Nilisikia. Mwanzo alikuwa anaigiza, alisema maneno yake yote ya kwenye mchezo, vizuri sana. Alikuwa ameambiwa mlango umezuiwa kwa komeo dogo tu, akisukuma kwa nguvu utafunguka na onyesho litaisha. Akasukuma. Haukufunguka."

"Kwa nini?"

"Muturi alikuwa ameweka kufuli nje. Hakumwambia. Alitaka hofu ya kweli usoni."

"Ukafanya nini ulipojua?"

"Niliinua mkono. Muturi alikuwa kwenye skrini yake, chini ya turubai. Akanionyesha kidole mdomoni. Nikainua tena." Hashi alitazama mkono wake. "Nilipaswa kuvunja ile kufuli. Nilipaswa kupiga kelele. Niliinua mkono, Afande, kama mtoto darasani."

Akawapa hedifoni mmoja mmoja, Mwangangi kwanza.

Ilianza kwa Kiswahili, maneno ya filamu, sauti ya msichana inayojua kuwa inasikilizwa. "Nifungulieni! Kiko humu ndani na mimi!" Halafu mlango ukatikiswa. Kimya kifupi. Kisha kicheko kidogo cha kushangaa. "Ala, mbona haufunguki? Muturi? Kata kwanza." Kikohozi. Ngumi. Na baada ya hapo sauti ikabadilika kabisa, ikaacha Kiswahili, ikaingia Kijaluo. Mwangangi alikuwa Mkamba na hakujua neno hata moja, lakini kulikuwa na jina moja lililorudiwa na halikuhitaji kutafsiriwa.

"*Phares. Yawna, Phares. Phares.*"

Alivua hedifoni, akampa Nafula.

"Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwa nani?" akauliza, ingawa alikwisha kujua.

Hashi alitazama nyaya zake.

"Alikuwa amesimama mlangoni, upande wa nje," alisema. "Hatua moja kutoka kwake."

*

Mwangangi aliwatuma askari wawili wamkamate Muturi. Yeye na Nafula wakaenda Makongeni wenyewe. Angeweza kutuma watu huko pia. Nafula alimuuliza kwa nini asifanye hivyo, akasema mwanamke yule alikuja mbele ya meza yake, basi na yeye ataenda mbele ya meza ya mwanamke yule.

Mama Phares aliwafungulia akiwa na unga mikononi. Chumba kilikuwa kidogo na safi, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa sindano, picha ya Whitney ya kumaliza shule ukutani, na kando yake picha ya baba mwenye kofia ya reli. Phares alikuwa kwenye kochi, akila. Kijana mrefu, mtulivu, mwenye macho yanayofanana na ya dada yake. Alipowaona aliacha tonge mkononi.

"Karibuni chai," mama akasema. "Mmemkamata Kimani?"

"Kimani hakuwepo, Mama Phares," Mwangangi alisema. "Alikuwa Limuru siku hiyo. Tumehakikisha."

Mwanamke aliketi. Alifuta unga kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Basi nani?"

"Ningeomba nizungumze na Phares nje kidogo."

"La," alisema, bila ukali. "La mtoto wangu litasemwa mbele yangu."

Mwangangi alimgeukia kijana. Hakukaa.

"Phares, tumesikia sauti. Ile ya Hashi."

Tonge likaanguka sahanini. Nje, jirani alikuwa akiwaita watoto wake waje kuoga.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," Phares akasema.

Mama yake alimgeukia polepole, kana kwamba shingo ilimwuma.

"Muturi aliniambia nisifungue, hata nisikie nini, hadi aseme kata. Aliniambia nikifanya kazi hii vizuri, filamu ijayo nitashika kamera, nitaacha kubeba vyuma." Alizungumza na sahani. "Na Whitney alikuwa na mchezo wa kunitania. Tangu tukiwa wadogo. Analia uongo, nakuja mbio, anacheka. Nikadhani ndiyo hiyo."

"Ulidhani hivyo hadi lini?"

"Hadi alipoanza Kijaluo. *Yawna*, nifungulie."

Nafula, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuza uso.

"Kwenye mchezo hakuna Kijaluo," Phares aliendelea. "Nikajua. Nikaacha mlango, nikakimbia kwa Muturi, nikamwambia, huyu haigizi tena, nifungue. Akaniangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha. Akasema, tazama uso wake, Phares, tazama. Akasema, hii ndiyo inatutoa Eastlands, sote, na wewe, na yeye. Bado kidogo. Akasema bado kidogo."

"Na ufunguo?"

"Ulikuwa mfukoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi mlangoni. Nikasubiri aseme kata."

Hakulia. Alisema kwamba Muturi aliposema kata hatimaye, kulikuwa kimya ndani, na kwamba alipofungua mlango ulikwama, kwa sababu Whitney alikuwa ameanguka nyuma yake, kwa ndani. Alisema alimpulizia pumzi mdomoni hadi Hashi akamwondoa kwa nguvu. Wakamrudisha kifudifudi kama alivyoanguka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuutazama uso wake, wakaketi naye hadi asubuhi, na Muturi ndiye aliyesema wamlaze kitandani, chali, na ndiye aliyetunga maneno. Phares aliyashika. Ndiye aliyempigia mama yake simu. Alimwambia kwamba Whitney alilala tu usingizi, hakuhisi kitu.

"Uliniambia hakuhisi kitu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nikawaambia watu kanisani. Nikamshukuru Mungu mbele ya watu kwamba hakuhisi kitu."

Phares aliinamisha kichwa. Mwangangi akamweleza, kwa sauti ya kazi, kwamba Muturi yuko njiani kupelekwa kituoni, kwamba Phares pia atashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kwamba si lazima aseme zaidi. Alimweleza mama kwamba huenda upande wa mashtaka ukamhitaji mwanawe kama shahidi dhidi ya Muturi, na kwamba yeye hawezi kuahidi lolote. Alisikia maneno yake mwenyewe yakianguka kwenye chumba kile kidogo, na hakuna hata moja lililokuwa na pa kukaa.

Mama Phares hakuonekana kumsikiliza.

"Sauti hiyo mnayo hapa?"

"Mama, si kitu cha kusikiliza."

"Watu wa Komarock wameona uso wake wanalipia, wanapiga mbinja. Mimi ndiye nisisikie?"

Nafula alimtazama Mwangangi. Mwangangi, aliyekuwa na miaka mingi katika kazi hii na hakuwahi kufanya jambo kama hilo, alitoa simu yake, ambamo Hashi alikuwa amemwekea ile sauti, na hedifoni alizopewa. Mwanamke alifungua kitambaa cha kichwani ili zikae vizuri. Nywele zake zilikuwa nyeupe karibu zote.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Hakutikisika. Wakati mmoja tu midomo yake ilisogea, kana kwamba anamjibu mtu. Phares alimtazama muda wote huo, mikono juu ya magoti. Chai ilichemka jikoni ikafurika na kuzima moto, na hakuna aliyeinuka.

Ilipokwisha, aliendelea kukaa vile vile, akisubiri kama kuna kitu kimebaki. Kisha akavua hedifoni, akazikunja vizuri, akamrudishia Mwangangi kwa mikono miwili. Akamgeukia mwanawe na kumwambia maneno machache kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, akainuka na kuingia jikoni.

Nafula alitoa pingu. Phares alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.

"Amesema nini?" Mwangangi akauliza.

Kijana alitazama mlango wa jikoni.

"Amesema alisikiliza hadi mwisho akingoja aitwe yeye. Kila mtoto akiumia humwita mama. Amesema, 'Hakuniita mimi hata mara moja. Alikuita wewe tu.'"